Rusizi: Shamba Lako Linaanzia kwa Jirani

Maji yanayonywesha mpunga wa Bugarama hayamfikii mtu moja kwa moja. Yanachepushwa mtoni kwenye banio, yanaingia mfereji mkuu, yanagawanyika kwenye mifereji midogo, kisha yanapita jaruba hadi jaruba mpaka kwa yule wa mwisho. Aliye juu akisahau kufunga, aliye katikati anafurikiwa. Aliye katikati akiziba na kwenda zake sokoni, wa mwisho anakuta udongo umepasuka na mpunga umeanza kujikunja majani. Ndiyo maana alfajiri kwenye bonde lile watu huitana ng'ambo ya mfereji: "Mzee, funga kwako, zamu imekwisha!" Na mzee anafunga.

Mafunzo mengi ya kilimo huzungumza na mkulima kana kwamba yuko peke yake duniani, yeye na jembe lake na mvua. Chagua mbegu bora, panda kwa nafasi, weka mbolea kwa wakati, palilia mapema, zuia wadudu, vuna kwa wakati, kausha vizuri. Kanuni hizo ni za kweli. Lakini katika wilaya hii ya Rusizi nchini Rwanda, ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu, familia nyingi zinaishi kwa kipande kisichofika hata hekta 1, tena kimebanwa pande zote na vipande vya wengine. Hapa karibu kila kanuni ina sharti ambalo halisemwi: haizai matunda mpaka jirani naye aifuate.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mto Rusizi unatoka ziwani, unaitenganisha Kamembe na Bukavu, unateremka kwa kasi kuelekea Tanganyika, na unapofika Bugarama uko kwenye mita 950 hivi, mahali pa chini kabisa katika nchi nzima ya milima elfu. Upande wa mashariki ardhi inapanda tena kwenda msitu wa Nyungwe, kupita mita 2,000. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Kwa hiyo kati ya majaruba ya Bugarama na vilele vinavyotazamana na msitu kuna tofauti ya nyuzi 6 au zaidi, na yote hiyo ni ndani ya wilaya moja. Chini kuna mpunga na maembe. Ukipanda unakutana na migomba, maharage, mahindi, mihogo na kahawa. Juu zaidi ni chai, kama ile ya Shagasha.

Tofauti hiyo ya joto inaamua mambo mengi kuliko mbegu iliyomo kwenye mfuko. Mahindi yaleyale yanayokomaa upesi bondeni huchelewa kwa wiki kadhaa mlimani. Maharage ya kutambaa, ambayo Rwanda imeyafanyia kazi kubwa tangu miaka ya 1980, hustawi kwenye baridi ya vilima na hayapendi joto la chini. Mkulima anayeomba ushauri afanye hivyo kwa mtu anayelima kwenye mwinuko uleule. Shemeji yake wa bondeni anaweza kuwa bingwa, lakini kalenda yake haitamfaa.

Turudi bondeni, maana huko ndiko ujirani unakoonekana kwa macho. Kilimo cha mpunga wa umwagiliaji nchini Rwanda kilianzishwa miaka ya 1960 kwa msaada wa wataalamu kutoka Taiwan, na Bugarama ni miongoni mwa mabonde yaliyokikumbatia mapema. Ardhi ya mabonde oevu ni mali ya serikali, na wakulima wanaitumia kupitia vyama vya ushirika. Mto Rubyiro unakatiza bonde kwenda kumwaga Rusizi, na mto Ruhwa unachora mpaka na Burundi. Mpunga hulimwa misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo mavuno ya msimu mmoja yanakanyagana na kitalu cha msimu unaofuata.

Kazi inaanzia kwenye kitalu. Mbegu huloweshwa kwa siku nzima, kisha hufunikwa mahali penye joto mpaka zichipue kidogo, ndipo humwagwa kwenye matuta yaliyosawazishwa. Baada ya wiki tatu hivi miche iko tayari. Anayepandikiza hurudi kinyumenyume akifuata kamba iliyofungwa mafundo kila sentimita 20. Anachomoa mche mmoja au miwili kutoka kwenye fungu lililoko mkono wa kushoto, anaishika mizizi kwa kidole gumba na viwili vya mbele, anaisukuma kwenye tope kina cha sentimita 2 au 3, basi. Akizidisha kina, mche hutumia nguvu zake kupanda juu na machipukizi huchelewa. Mwenye haraka huchomeka kwa kishindo, na kosa lake linaonekana baada ya mwezi, vishina vikiwa vyembamba, vichache.

Sasa chukua mistari hiyo iliyonyooka uiweke katikati ya bonde ambalo kila mtu amepanda siku anayotaka. Jaruba moja linahitaji maji mengi kwa sababu mpunga unatoa maua, la pili linataka kukaushwa livunwe, la tatu ndiyo kwanza linavurugwa. Mfereji ni mmoja. Ndege nao wakimaliza masuke ya mapema wanahamia kwa wa kati, kisha kwa waliochelewa, kama wageni wanaopokelewa nyumba kwa nyumba. Wadudu wanaotoboa mashina wanapata mpunga mchanga mwaka mzima na hawana siku ya njaa. Bonde likipanda ndani ya wiki mbili tatu, ndege wanakuta chakula kingi kwa muda mfupi, hasara inagawanyika, kisha mabua yanakatwa na wadudu wanabaki bila makazi. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo.

Maji yenyewe yanahitaji elimu zaidi ya kufungulia tu. Wengi wamezoea kuamini kwamba mpunga lazima ukae majini tangu kupandikizwa hadi kuvunwa. Mwaka 1983 kule Madagascar, padri Mjesuiti Henri de Laulanié aligundua kwamba miche michanga sana, ikipandwa mmojammoja kwa nafasi pana na kwenye udongo wenye unyevu usiotuama, hutoa machipukizi mengi ajabu. Mfumo wake umefika hadi Rwanda. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino nayo imefundisha njia rahisi ya kulowesha na kukausha kwa zamu. Bomba lenye matundu pembeni linachimbiwa ndani ya jaruba, mkulima anachungulia ndani, na maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndipo anafungulia tena. Wakati wa kutoa maua anaacha maji yasimame. Njia hiyo inaweza kuokoa hadi asilimia 30 ya maji. Lakini nani atathubutu kuacha jaruba likauke kama hana hakika kwamba zamu yake itaheshimiwa siku atakapoyahitaji? Mtu asiyewaamini wa juu yake hujaza maji mpaka kingo, leo na kesho, kwa hofu, na hofu yake ndiyo inayomkausha wa chini.

Hali ni hiyohiyo kwa mbolea. Urea ikizidishwa, mpunga unakuwa wa kijani iliyokolea, unapendeza kuutazama, na majani yake yanakuwa laini. Usiku wenye ubaridi na umande, kuvu wa blasti anajishika hapo. Utaona madoa yenye ncha mbili mithili ya jicho, kijivu katikati na kahawia pembeni, na ugonjwa ukipanda kwenye shingo ya suke, punje hubaki makapi. Vimelea vyake hupeperushwa na upepo. Aliyeweka mbolea kwa kipimo, akaigawa mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa, anaweza kupoteza mavuno kwa sababu ya mwenzake aliyemwaga mfuko mzima kwa mara moja.

Tukipanda mlimani, adui ni mteremko na udongo. Mvua za Rusizi ni nyingi, na udongo wa juu usiposhikwa unaondoka. Unaondoka kwako unakwenda wapi? Unakwenda kufukia maharage ya mtu wa chini, kisha mtaro wa barabara, kisha mfereji wa umwagiliaji wa Bugarama, ambao wenye mpunga watakuja kuuzoa kwa koleo. Matuta ya ngazi yanazuia hilo, lakini mlima ukiwa na watu kumi na tisa waliochimba na mmoja aliyekataa, maji yote hutafuta mlango kwa huyo mmoja na kubomoa ngazi za walio chini yake. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa pamoja, mara nyingi siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kuna jambo moja kuhusu matuta haya ambalo ningependa lisemwe wazi zaidi kwa wakulima kabla hawajashika majembe. Kuchimba ngazi kunafukua udongo wa chini, ambao hauna rutuba na mara nyingi una tindikali kali. Udongo wa juu usipowekwa kando na kurudishwa, msimu wa kwanza mahindi yanatoka manjano na mafupi, na mtu anaapa kwamba matuta ni laana. Tindikali ikizidi, madini ya alumini huyeyuka na kuiunguza mizizi ikabaki vigutu, na fosforasi ya mbolea ya dukani inashikwa na udongo, mmea usiipate. Fedha imezikwa hapo. Dawa yake ni samadi na chokaa, na chokaa Rusizi tunayo nyumbani. Mawe ya chokaa ya Mashyuza, jirani na chemchemi za maji moto, ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilichofunguliwa mwaka 1984, na watafiti wa Rwanda wameyajaribu kwenye mashamba yenye tindikali, yakafaa. Inauma kuona mkulima akinunua mbolea ya DAP kwa mkopo kwa ajili ya shamba ambalo lingehitaji chokaa kwanza, na chokaa yenyewe iko vilima vichache mbele.

Samadi nayo ina njia yake ya ujirani. Mpango wa Girinka ulianza mwaka 2006 kwa kuipa familia maskini ng'ombe mmoja. Ndama jike wa kwanza hupewa familia nyingine. Wengi wanausifu kwa maziwa, na wana haki. Kwa jicho la mkulima, ng'ombe yule ni kiwanda cha mbolea kinachotembea kutoka ua hadi ua, na majani ya tembo yanayopandwa kwenye kingo za matuta yanamlisha ng'ombe na kushika kingo kwa wakati mmoja.

Mahali ambapo ujirani umepimwa vikali kuliko popote ni kwenye migomba. Mnyauko wa migomba, ambao kwa Kinyarwanda tunauita kirabiranya, unasababishwa na bakteria aliyeelezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 alikuwa Uganda na mashariki mwa Kongo, na mwaka 2005 akathibitishwa Rwanda. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Shina likikatwa linatoa ute wa manjano. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa.

Wanaomsambaza ni nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume, lile lenye rangi ya zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Wa pili ni sisi wenyewe na mapanga yetu. Kinga yake ni nyepesi mno kiasi kwamba watu huidharau. Tafuta kijiti chenye panda. Mara tu chane ya mwisho inapotokea, kiinue kijiti, kishike kikonyo cha ua katikati ya panda, kizungushe mpaka kivunjike. Usitumie panga, maana panga litabeba ute kutoka mgomba huu hadi ule. Ukilazimika kukata, lipitishe panga kwenye moto mpaka liwe halishikiki, au lioshe kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kila unapohama mgomba. Zamani ilishauriwa kung'oa kichaka kizima cha mgomba, na pengine shamba lote. Leo utafiti umeonyesha kwamba kukata mara moja kila shina linaloonyesha dalili, chini kabisa usawa wa ardhi, na kurudia ukaguzi bila kuchoka, kunashusha ugonjwa mpaka kiwango cha kuvumilika. Mzee mwenye migomba thelathini anaweza kufanya hivyo. Lakini nyuki hajui mpaka, na wale watu wema wanaogawiana machipukizi ya kupanda hawajui kwamba wanagawiana maradhi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na katika hili ni lazima pia umsaidie mwenzako kuosha wembe.

Mahindi nayo yalipata somo lake mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia Rwanda, mwaka mmoja baada ya kuonekana kwa mara ya kwanza Afrika. Nondo wao huweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake. Rwanda ilipeleka hadi wanajeshi mashambani kuwasaidia wakulima. Ukweli ni kwamba kiwavi akishakua na kujichimbia kwenye moyo wa mhindi, dawa inamfikia kwa shida. Kazi hufanywa asubuhi na mapema, kwa kugeuza majani na kuponda vifurushi vya mayai kabla hayajaanguliwa. Kituo cha ICIPE nchini Kenya kimeonyesha kwamba mahindi yakichanganywa na mmea wa desmodiamu, na majani ya kulisha mifugo yakipandwa kuzunguka shamba, viwavi hupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hiyo ni dawa inayolisha ng'ombe.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo tunabishana sana. Tangu mwaka 2007, kupitia mpango wa kuongeza uzalishaji, serikali imehimiza wakulima wa eneo moja kupanda zao moja kwa pamoja: kilima hiki mahindi, kile maharage. Baadhi ya faida zake nimezieleza tayari kwenye mpunga: upandaji wa pamoja, ukaguzi wa pamoja, mbegu na mbolea kuja kwa wakati, mnunuzi kukuta mzigo wa kutosha lori. Nauunga mkono kwa sababu hizo. Lakini ujirani haulazimu watu kufanana. Mvua ikikatika wakati mahindi yanachanua, kilima kizima kinakosa chakula siku hiyohiyo, wakati bibi aliyechanganya mahindi, maharage na viazi vitamu angebaki na kitu chunguni. Maharage yanatengeneza naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi yake na kuuachia udongo sehemu yake. Kuyafukuza moja kwa moja kwenye mahindi ni kununua dukani kitu ambacho shamba lilikuwa linakupa. Sehemu za kilima zibaki za pamoja, na kipande kinachozunguka nyumba kiachwe kwa mama mwenye nyumba achanganye atakavyo.

Kipande hicho ndicho kinachotupa mboga. Dodo, kabichi, karoti, vitunguu, na sombe kutoka kwenye mihogo. Bustani ya jikoni hunyweshwa maji ya kuoshea vyombo, hulishwa majivu na maganda, na haihitaji maelezo marefu, ila moja: usirudie nyanya palepale zilipokuwa nyanya au viazi mviringo msimu uliopita, maana magonjwa yao ni mamoja.

Matunda yana adui wake anayerudisha hadithi ileile. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea kwa kasi Afrika nzima. Anataga ndani ya embe, funza wanakula, embe linaanguka, na funza wanaingia ardhini kugeuka nzi wengine. Kuokota kila tunda lililoanguka na kulifukia chini sana kunavunja mzunguko huo. Ukiokota peke yako, huku mwembe wa jirani umezungukwa na maembe yanayooza, umefanya nusu ya kazi.

Yote hayo yakikamilika, bado kuna uwanja wa kukaushia. Mpunga hukatwa karibu asilimia 80 hadi 85 ya punje zikiwa za dhahabu, bado zikiwa na maji mengi ndani. Unatakiwa kushuka hadi asilimia 14 ya unyevu kabla ya kukobolewa. Ukianikwa mwembamba mno kwenye sementi iliyochomwa na jua la saa sita la Bugarama, punje zinapasuka kwa ndani, na kinuni zinatoka chenga. Ukirundikwa mnene unachemka na kuvunda. Wanaojua huutandaza sentimita 3 hadi 5 juu ya turubai, hupita wakiugeuza kwa miguu au kwa ubao kila baada ya muda mfupi, kisha hutia punje kinywani. Ikilia kwa mlio mkavu na kuvunjika mara moja, iko tayari. Ikibonyea, irudi juani. Mahindi yasiyokauka yana hatari kubwa zaidi, maana kuvu wake huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Mwaka 2024 mpunga wa Bugarama ulikuwa umekwishalimwa, umevunwa na kuanikwa, ukakosa wa kuununua. Tarehe 14 Agosti, mbele ya wabunge na waziri mkuu waliokuwa wakiapishwa, Rais Paul Kagame aliwataja wakulima wa bonde hili na kutaka kujua kwa nini mavuno yao yamelala. Serikali ikaliingiza soko la bidhaa la EAX kununua. Watu walishukuru, na mimi nilifurahi kwa niaba yao. Hata hivyo mkulima aliyefuata zamu ya maji, akapandikiza kwa kamba, akapima urea kwa mkono wake, hakustahili kusubiri hotuba ya mkuu wa nchi ili apate ada ya mtoto.

Mwenye kinu naye ni jirani katika mlolongo huu, ni mtu wa mwisho kwenye mfereji. Yeye akiziba, maji yanarudi nyuma mpaka kwenye kitalu. Ushirika unaweza kudai makubaliano ya kununua yaliyosainiwa kabla mbegu haijaloweshwa: aina gani ya mpunga, tani ngapi, unyevu gani, bei isiyopungua kiasi gani, na malipo ndani ya siku ngapi. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti kwenye mkutano uleule wa kupanga zamu za maji, na nakala yake ibandikwe ukutani kwenye ghala, pembeni ya orodha ya zamu.